Koliflawa Ina Umbo Gani? Kufundisha Maumbo Yanayojirudia, kwa Mkono na kwa Kompyuta

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya chumba cha Darasa la Tano, karatasi ya tathmini mkononi, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha maumbo. Maandalio yake yalikuwa mazuri. Alikuwa amekuja na kikapu cha vitu vya sokoni, akawa anavitoa kimoja kimoja. Chungwa likaitwa tufe, karoti ikaitwa pia, kopo la maziwa likaitwa mcheduara, na boksi la chaki likaitwa mche mstatili. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akatoa koliflawa kikapuni na kuuliza, "Mwalimu, na hii ina umbo gani?" Mwalimu akafikiri kidogo, akajibu, "Hiyo haina umbo. Irudishe." Msichana akairudisha, na somo likaendelea.

Sisi tulimpa mwalimu yule alama nzuri. Ilikuwa jioni, tulipokuwa tukiandika maoni yetu, ndipo tulipotambua kwamba swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile ndilo lililofukuzwa darasani, na kwamba sisi tuliotumwa kutathmini tulilisikia likifukuzwa tusiandike hata neno moja. Mtoto alikuwa ameshika mkononi kitu chenye umbo la utaratibu mkubwa ajabu, naye akaambiwa kwamba hakina umbo kwa sababu tu hakimo katika orodha ya ubaoni.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo ajibu swali la msichana yule. Tutaeleza kwanza ni umbo la namna gani tunalolikuta katika koliflawa na mboga nyingine, kisha namna wanafunzi wanavyoweza kuligundua na kulichora kwa mikono yao, na mwisho namna kompyuta inavyolichora. Tunaomba msomaji aukumbuke mpangilio huo, kwani una sababu yake, nasi tutaieleza.

Sehemu inayofanana na kizima

Chukua koliflawa moja, uigeuze chini juu, uitazame shina lake. Utaona kwamba shina limegawanyika kuwa matawi manene, na kila tawi limebeba kichwa kidogo cheupe. Kata tawi moja, ulisimamishe mezani peke yake. Kama hapana kitu cha kulinganisha nalo, mtu aliye mbali atadhani ni koliflawa nzima iliyodumaa. Kata sasa kitawi kimoja kutoka katika tawi hilo. Nacho kina shina, kina matawi, kina kichwa. Rudia tena. Kwa macho matupu utaweza kushuka ngazi tatu au nne hivi, na kwa lenzi ya kukuzia utashuka zaidi kidogo. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nasi twaweza kusema kwamba mtoto wa koliflawa ni koliflawa, na mjukuu wake kadhalika.

Umbo ambalo sehemu zake ndogo zinafanana na kizima huitwa fraktali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1975 na mtaalamu wa hisabati Benoit Mandelbrot, aliyezaliwa Warsaw nchini Poland mwaka 1924 na kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya kompyuta ya IBM nchini Marekani. Alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika. Mandelbrot alisema kwamba jiometria tuliyoirithi ni ya vitu laini, ilhali milima si pia, mawingu si matufe, na pwani si duara. Alifariki mwaka 2010, na mwaka huohuo alikuwa ameanza mhadhara wake mmoja mashuhuri kwa kuonyesha koliflawa.

Hapa mwanachuo aangalie jambo moja asije akawapotosha wanafunzi. Fraktali ya wanahisabati haina mwisho: hata ukiikuza mara milioni utakuta umbo lilelile. Mboga ina mwisho. Baada ya ngazi chache tunafika kwenye chembe hai, na chembe hai haifanani na koliflawa. Kwa hiyo tuseme kwamba koliflawa ina tabia ya fraktali kwa ngazi kadhaa, na kwamba hisabati inaendeleza katika fikra kile ambacho mmea umekianza na kukiacha.

Kwa elimu ya mwalimu mwenyewe, si kwa Darasa la Tano, yafaa kujua namna maumbo haya yanavyopimwa. Mstari ukikuzwa mara 2 hutoa vipande 2 vilivyo sawa na ule wa kwanza. Mraba ukikuzwa mara 2 kila upande hutoa miraba 4. Mchemraba hutoa 8. Kwa kuwa 2, 4 na 8 ni 2 kwa kipeo cha 1, cha 2 na cha 3, twasema mstari una dimensheni 1, mraba 2 na mchemraba 3. Lipo umbo liitwalo pembetatu ya Sierpiński, lililoelezwa na Wacław Sierpiński wa Poland mwaka 1915, ambalo likikuzwa mara 2 hutoa nakala 3 za umbo la awali. Tatu si 2, wala si 4. Dimensheni yake ni takriban 1.58: ni zaidi ya mstari, lakini halijatimia kuwa uwanda. Tutakutana na umbo hilo tena hapa chini.

Mboga zinazofaa darasani

Koliflawa hustawi penye baridi, kama vile katika milima ya Lushoto, na shule nyingi haziwezi kuipata kwa urahisi. Jambo hilo lisimzuie mwalimu. Ziko zana nyingine, tena za bure.

Jani la mlonge ni zana nzuri sana. Kile ambacho mtoto hukiita jani la mlonge kwa hakika ni jani dogo moja katika mamia. Jani kamili lina uti mkuu. Uti huo umetoa vijiti pande zote mbili. Vijiti navyo vimetoa vijiti vidogo zaidi. Na hivyo ndivyo vilivyobeba majani madogo ya mviringo. Mwanafunzi akichuma kijiti kimoja na kukilaza karibu na jani kamili, kufanana kwake kutamshangaza. Lakini akilichukua lile jani dogo la mwisho ataona kwamba halikugawanyika tena. Hapo atajifunza mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba katika mmea kujirudia kuna kikomo.

Majani ya karoti na ya kangaga yana tabia hiyohiyo. Ua la karoti, na la giligilani pia, ni mwavuli uliojengwa kwa miavuli midogo: vijiti vinatoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli, na kwenye ncha ya kila kijiti kuna mwavuli mwingine. Hapa ngazi ni mbili tu, nazo zahesabika hata na mtoto wa Darasa la Tatu.

Katika masoko ya Ulaya ipo koliflawa ya kijani iitwayo Romanesco, iliyotokea Italia, ambayo vishada vyake vimechongoka kama pia na kupangwa kwa misokoto. Ukiihesabu misokoto hiyo aghalabu utapata 8 kwa upande mmoja na 13 kwa upande wa pili. Wengi wetu hatutaiona Romanesco, lakini nanasi tunalo. Misokoto ya magamba yake nayo aghalabu ni 8 na 13. Wanafunzi waipake chaki ya rangi wasije wakahesabu msokoto mmoja mara mbili.

Kanuni inayojitaja yenyewe

Mtoto akishaona kwamba sehemu inafanana na kizima, swali linalofuata ni hili: twaweza kulichora umbo hilo? Akijaribu kuchora koliflawa kwa kuiga kila kishada atachoka mapema, na picha yake itakuwa na madoa mengi yasiyo na mpango. Njia nyepesi ni kutafuta kanuni moja fupi, kisha kuirudia. Kanuni yetu tutaiita TAWI.

TAWI (urefu):
1. Kama urefu ni chini ya 2, usichore kitu; rudi kwa aliyekutuma.
2. Nenda mbele kwa urefu uliotajwa, ukichora mstari.
3. Geuka kushoto nyuzi 40, kisha fanya TAWI kwa nusu ya urefu.
4. Geuka kulia nyuzi 40, kisha fanya TAWI kwa nusu ya urefu.
5. Geuka kulia nyuzi 40, kisha fanya TAWI kwa nusu ya urefu.
6. Geuka kushoto nyuzi 40, rudi kinyumenyume kwa urefu uliotajwa, umalize.

Msomaji ataona kwamba hatua ya 3, ya 4 na ya 5 zinaitaja TAWI ndani ya TAWI. Kanuni inajitaja yenyewe. Hili ndilo jambo gumu katika somo zima, nasi tumeona wanachuo wengi wakilikariri bila ya kulielewa. Dawa yake ni kulipeleka uwanjani.

Mwanafunzi wa kwanza apewe kadi yenye namba 16, pamoja na kopo la majivu. Aende hatua 16 mbele akidondosha majivu, kisha ageuke kushoto. Sasa asiende mwenyewe. Asimame palepale, amwite mwenzake, ampe kadi yenye namba 8 na kumtuma aendelee kwa uelekeo ule. Wa pili aende hatua 8, ageuke kushoto, asimame, amtume wa tatu mwenye kadi ya 4. Naye wa tatu amtume wa nne mwenye kadi ya 2. Wa nne akimaliza hatua zake 2 angetaka kumtuma mtu mwenye kadi ya 1, lakini hatua ya kwanza ya kanuni inakataza, basi anageuka alivyoamriwa, anarudi kwa aliyemtuma na kusema, "Nimemaliza." Wa tatu anageuka kulia, anatuma tena. Sharti la mchezo ni kwamba kila aliyetumwa lazima arudi kwa aliyemtuma, na kila aliyetuma lazima akumbuke amefika hatua ya ngapi ya kanuni.

Mchezo ukimalizika, uwanjani patakuwa na mti wa majivu wenye mstari 1 mrefu, mistari 3 ya hatua 8, mistari 9 ya hatua 4 na mistari 27 ya hatua 2, jumla mistari 40. Wanafunzi wakiweka kokoto kwenye kila ncha watapata kokoto 27, na aliyesimama juu ya kiti ataona koliflawa iliyokatwa katikati. Kama uwanja hautoshi, namba 16 iwe sentimeta ubaoni.

Mara nyingi mti wa kwanza hutoka umepinda. Mwalimu asiusahihishe. Awaulize wanafunzi: ni nani aliyerudi bila ya kugeuka kushoto nyuzi 40 katika hatua ya 6? Kosa katika hesabu za daftarini hufichwa na kufutwa; kosa hili linaonekana kwa macho ya wote, tena linaonyesha mahali lilipotokea. Darasa linalolitafuta kosa lake lenyewe linajifunza kuliko darasa lililopewa jibu.

Mchezo huu hatukuubuni kwa kuanzia patupu. Mwaka 1967 Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni nchini Marekani lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, ikaitwa Logo. Ndani yake mtoto humwamuru kobe aende mbele, ageuke kushoto au kulia, naye kobe huacha mstari nyuma yake. Papert, aliyezaliwa Afrika Kusini, alishikilia kwamba mtoto huelewa amri za kobe kwa sababu anaweza kuzitenda kwa mwili wake mwenyewe. Sisi tumefanya hivyo tu: tumeanza na mwili, kobe atafuata.

Kompyuta inavyochora

Sasa tueleze sababu ya mpangilio wetu. Baada ya tukio la msichana na koliflawa, sisi wenyewe tulirudi katika darasa lilelile tukiwa na kompyuta ya mkononi. Tuliwaonyesha picha za miti, za kangaga na za koliflawa zilizochorwa na mashine. Watoto walishangilia, nasi tukatoka tumefurahi. Siku ya pili mwalimu wao aliwaomba waeleze picha zile zilichorwaje. Jibu lilikuwa moja: "Kompyuta inajua." Tulikuwa tumetenda kosa lilelile la mwanachuo wetu kwa njia ya fahari zaidi. Yeye alisema koliflawa haina umbo. Sisi tuliwafanya waamini kwamba umbo lake ni siri ya mashine.

Kompyuta haijui koliflawa. Inatii kanuni, haichoki, na haisahau imefika hatua ya ngapi. Hizo ndizo sifa zake. Mwanafunzi aliyekwisha kutumwa na kadi uwanjani atalielewa hilo mara moja, kwa kuwa kompyuta hufanya kama walivyofanya: huweka kumbukumbu ya kila aliyetuma na bado anangojea. Kanuni ya TAWI yenye ngazi 4 ilizaa mistari 40 na kuwachosha watoto. Ikipewa ngazi 10 huzaa mistari 29,524, na kompyuta ya kawaida huimaliza kazi hiyo bila ya malalamiko.

Programu za kuandikia kanuni hizi zapatikana bila malipo. Lugha ya Python ina kobe wake anayefanana na yule wa Logo. Programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, hutumia vipande vya rangi vinavyopachikwa pamoja, na yaweza kutumiwa kwa maneno ya Kiswahili.

Kwa kompyuta moja na wanafunzi wengi, faida haiko katika kutazama bali katika kutabiri. Mwalimu aulize: tukibadili nyuzi 40 kuwa 20, picha itakuwaje? Tukiweka 90? Kila kundi lichore jibu lake daftarini kwanza, kisha ndipo mashine ichore. Akitaka picha ikaribie mboga halisi, aiambie kompyuta iongeze au ipunguze nyuzi chache kwa bahati nasibu kila inapogeuka. Watoto watashangaa kuona kwamba mchoro uliovurugwa kidogo unafanana na koliflawa kuliko ule ulionyooka kabisa.

Ipo njia ya pili, nayo inaanza na dado. Chora nukta tatu A, B na C kwenye karatasi, ziwe ncha za pembetatu. Weka nukta nyingine mahali popote ndani yake. Rusha dado: ikitoka 1 au 2, nenda nusu ya njia kuelekea A, ikitoka 3 au 4, kuelekea B, ikitoka 5 au 6, kuelekea C. Weka nukta ulipofika, urushe tena kuanzia hapo. Nukta ishirini hazionyeshi kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba: makundi ya darasa yakipokezana karatasi moja kubwa hadi nukta mia kadhaa, pembetatu ya Sierpiński huanza kujitokeza, na kompyuta ikiendeleza hadi nukta 10,000 huonekana wazi kabisa. Bahati nasibu imetoa utaratibu, kwa kuwa kanuni zenyewe zina utaratibu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1988, Michael Barnsley, mtaalamu wa hisabati kutoka Uingereza, alionyesha kwamba jani zima la kangaga laweza kuchorwa kwa mchezo wa namna hiyo wenye kanuni 4 tu. Moja huchora uti. Moja hulipunguza na kulipandisha jani kidogo. Na mbili hutengeneza kijani cha chini cha kushoto na cha kulia. Katika kila nukta 100 kanuni ya kupandisha hutumika mara 85 hivi, zile za pembeni mara 7 kila moja, na ya uti mara 1.

Kufanana kwa picha si maelezo ya mmea

Hapa pana tahadhari ambayo mwalimu wa sayansi hana budi kuizingatia. Kangaga haichezi dado. Picha ya Barnsley inafanana na kangaga, lakini haituambii kangaga inakuaje. Mwanafunzi azoee kutofautisha kanuni inayochora umbo na sababu inayolikuza.

Aliyejaribu kuandika kanuni za ukuaji wenyewe ni Aristid Lindenmayer, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyezaliwa Hungaria, mwaka 1968. Kanuni yake mojawapo yaweza kuchezwa ubaoni. Herufi A ni chembe hai iliyokomaa, na B ni chembe changa. Kila siku kila A hugeuka kuwa AB, na kila B hugeuka kuwa A. Tukianza na A tunapata AB, kisha ABA, kisha ABAAB, kisha ABAABABA. Idadi ya herufi ni 1, 2, 3, 5, 8, na siku inayofuata 13. Mwanafunzi aliyehesabu misokoto ya nanasi atazitambua namba 8 na 13. Mwalimu asidai kwamba mchezo huu ndio unaolijenga nanasi; aseme tu kwamba kanuni fupi za ukuaji zinaweza kuzaa namba zilezile.

Kuhusu koliflawa yenyewe, maelezo mazuri yalitolewa mwaka 2021 na watafiti wa Ufaransa, miongoni mwao François Parcy na Christophe Godin, katika jarida la Science. Walichunguza chembe za urithi na kutumia kielelezo cha kompyuta kwa pamoja. Koliflawa ni spishi moja na kabichi na sukuma wiki. Katika mmea wa kawaida, chipukizi likipewa amri ya kuwa ua huwa ua na kukoma. Katika koliflawa chipukizi huanza njia ya kuwa ua, hushindwa, na hurudi kuwa kama shina. Lakini halisahau kabisa njia ile, basi hutoa machipukizi mengine, nayo hujaribu na kushindwa vilevile. Mlundikano wa majaribio hayo ndio kichwa cheupe tunachokila. Katika Romanesco machipukizi hutolewa kwa kasi inayozidi kuongezeka, na ndiyo sababu vishada vyake huchongoka. Tazama basi: katika mmea pia mna amri inayorudi kujitaja yenyewe. Kompyuta ilisaidia kuipima dhana hiyo, lakini ilikuwa lazima pawepo mmea, darubini na mtu mwenye swali.

Mpango wa somo

Mpango ufuatao ni wa Darasa la Tano, vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja.

Madhumuni: Mwanafunzi aweze (a) kuonyesha katika mmea halisi sehemu inayofanana na kizima, (b) kufuata kanuni ya TAWI bila kukosea hatua, (c) kutabiri idadi ya matawi ya ngazi inayofuata.

Zana: Majani ya mlonge au ya karoti, koliflawa ikipatikana, kadi za namba, majivu, kokoto, rula na kipimapembe. Kompyuta si lazima.

Hatua ya kwanza (dakika 15): Makundi yapasue jani au koliflawa, yapange sehemu mezani kuanzia kubwa hadi ndogo, na kuandika ngazi ngapi zimeonekana. Mwalimu asitaje neno fraktali bado.

Hatua ya pili (dakika 25): Mchezo wa kutumana uwanjani, kwa hatua 8, 4 na 2 ikiwa muda ni mfupi.

Hatua ya tatu (dakika 25): Kila mwanafunzi achore TAWI daftarini kwa kuanzia sentimeta 8, kisha ajaze jedwali la idadi ya mistari: 1, 3, 9. Aulizwe ngazi ya nne na ya tano bila kuchora. Hapo kuzidisha kwa 3 kutakuwa na maana mpya kwake.

Hatua ya nne (dakika 15): Kompyuta ikiwapo, kutabiri na kuhakikisha. Isipokuwapo, mchezo wa herufi A na B ubaoni. Mwisho mwalimu alitaje jina la maumbo haya.

Hitimisho

Yule mwanachuo wetu hakuwa mwalimu mbaya. Alifundishwa, pengine na sisi wenyewe, kwamba umbo ni kitu chenye jina katika kitabu, na kisicho na jina hakina umbo. Mtoto anayeambiwa hivyo hujifunza jambo moja baya: kwamba hisabati ni ya ubaoni, na vitu vya jikoni kwao havimo. Kompyuta peke yake haiwezi kuliondoa kosa hilo. Yaweza hata kulizidisha, kama tulivyoona. Litaondolewa na mwalimu anayekubali kusema, "Sijui umbo hilo linaitwaje, hebu tulipasue tulitazame."

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tafuta mimea mitatu ya mazingira ya chuo chako ambayo sehemu zake zinafanana na kizima. Kwa kila mmoja, eleza ngazi ni ngapi na zinakomea wapi.

2. Chora TAWI kwa kuanzia sentimeta 16. Badili kanuni iwe na matawi 2 badala ya 3, kisha tafuta jumla ya mistari ya ngazi 5.

3. Mwanafunzi anakuuliza, "Kama kompyuta inaweza kuchora kangaga, je, inajua kangaga?" Andika jibu utakalompa, lisizidi sentensi sita, kwa maneno ambayo mtoto wa Darasa la Tano atayaelewa.